Vidole Vitatu vya Mkono wa Kushoto

Jumanne ile, kipindi cha tano, Mama Sufuria alikunja mkono wa blauzi yake mpaka juu, akachovya kiwiko kwenye beseni. Maji ya kumwogesha mtoto mchanga hayapimwi kwa kiganja, kwa sababu kiganja cha mtu anayepika kimeshazoea moto na kinaweza kumdanganya. Hupimwa kwa kiwiko. Jambo hilo alikuwa amelirudia kwa miaka ishirini na sita, kwa sauti ileile, kwenye meza ileile iliyotandikwa plastiki ya maua, na wanafunzi wake kumi na mmoja walikuwa wakiliandika bila kuinua vichwa.

"Sawa," alisema. "Kiranja, mlete mtoto."

Mtoto alikuwa mwanasesere wa mpira, rangi imemchujuka puani, nywele zake za kuchorwa zimefutika kisogoni kwa kusuguliwa. Alifika shuleni ndani ya boksi moja na mizani ya jikoni, zamani hizo Mama Sufuria hajaanza hata kuvaa miwani. Kila darasa la sayansi kimu lililopita chumbani humo lilimwogesha, likampaka mafuta, likamvisha, likamlisha kwa kijiko kitupu na kumpigapiga mgongoni acheue. Kiranja alimshika kama walivyofundishwa, kiganja kimoja nyuma ya shingo, akamshusha majini taratibu. Maji yalipomfika kifuani, mwanasesere alipiga chafya.

"Taulo, upesi," alisema Mama Sufuria. "Atashikwa na mafua."

Wakampa taulo. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama chafya itatoka kwenye mtihani, akajibiwa kwamba iko sura ya nne, magonjwa madogo madogo ya mtoto, na wote wakafungua sura ya nne. Kengele ilipolia, mtoto alikuwa amelala kwenye droo ya vitambaa, anakoroma kidogo.

Chumba cha sayansi kimu kilikuwa mwisho kabisa wa jengo, ukishapita vyoo na stoo ya mifagio. Walimu wengine waliliita somo hilo "vijiko". Mwanafunzi akifanya vibaya alionywa mbele ya wenzake: endelea hivyohivyo, utaishia kwa vijiko. Aliyeendelea hivyohivyo aliishia kwa vijiko kweli, akaketi kwenye stuli akiwa amenuna, na muhula wa kwanza wote ulikuwa kazi ya kumwondolea kununa. Hata jina la Mama Sufuria lilitoka ofisi ya walimu, kwa kejeli, lakini lilimkaa vizuri mpaka likasahau lilikotoka. Jina lake halisi lilibaki kwenye faili.

Hayo ya Jumatatu mpaka Jumatano. Alhamisi ilikuwa siku ya kuoka, na harufu ya keki ilipotambaa kwenye ujia, miguu ya walimu ilikuwa na tabia ya kupita upande ule. Walikuja kuonja. Mwalimu wa hesabu, kijana mrefu mwenye haraka zake ambaye shule nzima ilimwita Kipeo, alikuja na suruali yake ndani ya bahasha ya khaki, kana kwamba ni mitihani, ili ipunguzwe upindo. "Mama, mikono yako ina baraka," alikuwa akisema mdomo umejaa. Akirudi ofisini husikii tena kitu kinywani mwake ila vijiko hivi, vijiko vile.

Mtoto alikua kwa kufuata kitabu. Walipofika sura ya tano, kumwachisha mtoto ziwa, aliota meno manne. Sura ya sita, vyakula vya kujenga mwili, alisimama kwa kushika mguu wa meza. Sura ya saba ilimkuta anakimbia, na ya nane, usafi wa mtoto wa shule, alikuwa msichana wa miaka kama kumi anayetaka kujua kwa nini dirisha la kushoto halifunguki. Nywele zilimwota zenyewe pale zilipokuwa zimechorwa. Likizo hakukua hata kidogo. Mama Sufuria alimchukua nyumbani kwake, akamlisha na kumwogesha vilevile, akamwimbia na kumwimbia, lakini shule zilipofunguliwa gauni lake lilikuwa bado linamtosha. Ilikuwa kazi ya darasa, yenye kengele mwanzo na kengele mwisho, na mikono ya watu kumi na wawili tofauti.

Ilipobidi aandikishwe, karani wa shule alitoa fomu. Penye jina aliandika Mtoto, maana ndivyo kitabu kilivyomwita. Penye tarehe ya kuzaliwa aliandika siku lile boksi lilipopokewa. Penye mlezi aliandika Mama Sufuria. Kisha akafungua orodha ya vifaa, akatafuta "mwanasesere wa mpira, mmoja," akapiga mstari kwa rula na kuandika pembeni: amehamia wanafunzi.

"Sare anayo?" aliuliza mkuu wa shule, aliyekuwa akipita.

Sare alikuwa nayo. Wale kumi na mmoja walikuwa wamemshonea, na katika shule nzima ndiyo pekee ambayo mifuko yake haikuwa imechanika.

Kilichobaki ni vidole. Kiwandani vilikuwa vimemiminwa pamoja, kila mkono kama kijiko kifupi, na mistari midogo kuonyesha mahali ambapo kimoja kingeishia na kingine kuanza. Wanafunzi waliulowesha mkono katika maji ya uvuguvugu, wakausugua kwa mafuta, wakavuta polepole kwenye mstari, zamu kwa zamu, kipindi baada ya kipindi. Kidole kimoja kilichukua wiki mbili. Kilipoachana na mwenzake kilikuwa chekundu na chenye aibu, na Mtoto alikichezesha juu ya meza kutwa nzima. Mkono wa kulia ulikamilika muhula wa kwanza. Wa kushoto walishatoa dole gumba na kidole cha shahada Kipeo alipokuja kuomba vipindi viwili.

"Ni kwa muda tu, Mama. Nina marudio ya hesabu, na wewe unajua mambo yako hayana presha."

Mkuu aliidhinisha. Wiki mbili baadaye Kipeo alichukua na vile viwili vilivyobaki, na sayansi kimu ikahamishiwa Ijumaa mchana, saa ambayo shule hukusanyika uwanjani kwa matangazo. Mama Sufuria alilalamika, akaandika barua, barua ikapigwa muhuri. Vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto vilibaki vimegandana. Aliumia sana, na hakuficha. Alikuwa akimshika Mtoto mkono huo wakivuka barabara, na kila mara aliusikia ndani ya kiganja chake, nusu moto, nusu mpira.

Ikatokea kwamba Mtoto alikuwa na kichwa chepesi ajabu kwa hesabu. Kwenye jaribio la kwanza aliwaacha wenzake mbali. Kipeo alimwita mbele, akamwandikia sehemu ngumu ubaoni, yenye ghorofa tatu, naye akaijibu kabla chaki haijarudi kwenye kisanduku.

"Umefundishwa na nani hii?"

"Vikombe, Mwalimu," alisema Mtoto. "Nusu ya robo kikombe ni thumuni. Ukikosea, keki haipandi."

Darasa likacheka, Kipeo naye akacheka, akamwandikia alama zote. Ofisini aliwaambia wenzake kwamba amepata kipaji cha kuzaliwa.

Kikao cha walimu kilifanyika Alhamisi, keki aliyoendelea kuwaokea Mama Sufuria ikiwa mezani. Ajenda ya tatu ilikuwa masomo yenye wanafunzi pungufu. Kanuni ilikuwa wazi, mkuu aliisoma huku akipangusa makombo kwenye tai: somo lenye wanafunzi chini ya kumi na wawili linaondolewa kwenye ratiba.

"Ninao kumi na wawili," alisema Mama Sufuria. "Kumi na mmoja, na Mtoto."

Watu walitazamana. Kipeo aliweka kipande chake chini, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Mama, usinione vibaya. Mimi nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini mtoto mwenye kichwa kama kile, kumweka kwa vijiko? Huko ni kumzika mzimamzima. Mimi nimeshamwandikia fomu ya mkondo wa sayansi."

"Mimi ni mwanamke na nitasema," alidakia mwalimu wa biolojia, mama mmoja mpole ambaye mapazia ya nyumbani kwake yalishonwa na wale kumi na mmoja. "Tumehangaika miaka mingapi kuwatoa wasichana jikoni? Leo tumpate mmoja mwenye akili, tumrudishe kwa mikono yetu wenyewe?"

"Hajawahi kutoka huko ili arudishwe," alisema Mama Sufuria. "Ndiko alikokulia. Nyinyi nyote mmemwona akikua."

Wote walikuwa wamemwona. Mwalimu wa biolojia ndiye aliyempima urefu kila mwezi kwenye fremu ya mlango, kwa penseli, na alama zilikuwa bado pale.

"Na mkono wake wa kushoto haujaisha," aliendelea Mama Sufuria. "Una vidole vitatu vilivyoshikana. Nipeni vipindi vyangu vinne kwa muhula mmoja. Sitaki kingine."

"Kwa hesabu anahitaji mkono mmoja tu," alisema Kipeo, na alisema kwa upole kabisa.

Mkuu alikohoa. Yeye hakuwa mtu wa ugomvi. Alisema fomu ya mkondo wa sayansi ina sehemu ya saini ya mlezi, kwa hiyo kikao hakina haja ya kupiga kura. Mlezi aende nayo nyumbani, aamue kwa moyo wake, airudishe Jumatatu. Akisaini, sayansi kimu itakuwa na kumi na mmoja na itafungwa. Asiposaini, itaendelea. Halafu akauliza kama kuna keki nyingine, na ilikuwapo.

Jumamosi asubuhi fomu ilikuwa juu ya meza ya nyumbani, imebanwa na chupa ya mafuta ya kula isipeperushwe. Mtoto alikuwa akichambua maharage, mkono wa kulia ukiokota vijiwe, wa kushoto umelala kando ya sinia. Shuleni alimwita mlezi wake Mwalimu. Wakishapita geti alimwita Mama.

"Mama, kuna kitu kimeandikwa pale chini. Mlezi."

"Nimekiona." Mama Sufuria alivuta kiti. "Wewe unataka nini? Niambie ukweli, usinipendeze."

Mtoto alifikiri. "Nataka mkono. Na hesabu naipenda. Nikiuliza kwa nini siwezi kuwa navyo vyote viwili, Mwalimu Kipeo ananiambia ratiba haina nafasi." Akatoa kijiwe. "Nikibaki kwako, watasema nimefeli?"

"Watasema."

"Na wewe utasema?"

"Mimi? Mimi nimekulea."

"Sijauliza hilo, Mama. Kama ningekuwa wa kuzaa, ungeniandika kwenye somo lako?"

Mama Sufuria alisogeza sinia, akaanza naye kuchambua. Alikuwa na binti wa kuzaa, mhandisi wa madaraja katika mji wa mbali, aliyepiga simu kila Jumapili na mara nyingi alitaka kujua wali unahitaji maji kiasi gani. Mwaka ambao binti huyo alichagua masomo, fomu kama hii ililala juu ya meza hii hii. Mama Sufuria aliisaini amesimama, begi la shule likiwa bado begani, na alikumbuka neno kwa neno alichomwambia: somo langu usiliguse, usije ukaishia jikoni kama mimi. Wala hakuwa amekasirika siku ile. Alikuwa na furaha, alikuwa amepika kuku.

Alichambua mpaka maharage yote yakaisha. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwanung'unikia wale watu wa ofisini, anawaona wanakula na kutukana kwa mdomo uleule. Sasa alitafuta ndani ya kifua chake mahali ambapo yeye alikuwa tofauti nao, akapekua kama mtu anayepekua droo, akakuta nyuzi, vifungo na huruma nyingi. Alichokuwa akikitafuta hakikuwamo. Aliona haya, na haya ile ilikuwa nzito kuliko hasira zote alizowahi kuwa nazo.

Akachukua kalamu, akasaini. Saini yake ilikuwa nzuri, imenyooka kama mshono wa mashine.

"Na vidole?" aliuliza Mtoto.

"Nitakushonea mfuko."

Alimshonea siku hiyo hiyo, upande wa kushoto wa sketi, mpana kidogo kuliko kawaida, wenye bitana laini ndani ili mkono usichubuke. Ulikuwa mfuko bora kuliko yote aliyowahi kushona. Mtoto alitia mkono ndani, akatembea mpaka dirishani na kurudi, na mtu asiyejua asingejua.

Sayansi kimu iliondolewa kwenye ratiba wiki iliyofuata. Wale kumi na mmoja waligawanywa kwenye madarasa ya nyuma ya masomo mengine, ambako walinuna upya. Mama Sufuria alipewa vipindi vya uraia na kusimamia chai ya walimu. Chumba kilijazwa viti vibovu, kikafungwa, ufunguo ukatundikwa ofisini kwa mkuu. Siku ya kutoa zawadi Mtoto aliitwa mara tatu, hesabu, fizikia na mwanafunzi bora, na mara zote tatu alipokea kombe kwa mkono mmoja. Mgeni rasmi alimsifu kwa kutokuwa na papara. Mkuu alisema hayo ndiyo matunda ya kuwekeza kwenye masomo yenye maana, watu wakapiga makofi, Mama Sufuria naye akapiga, birika la chai likiwa limebanwa kwapani. Kipeo alikuwa na suruali inayoburuza upindo. Aliuliza kama kuna mtu anajua fundi mzuri mjini.

Mwezi mmoja baadaye lilikuja boksi. Lilikuwa limeagizwa miaka saba nyuma, kwa barua ya Mama Sufuria mwenyewe, na sasa vibali vyake vilikuwa vimekamilika. Karani alilifungua, akakuta mwanasesere mpya wa mpira, puani rangi imekolea, vidole vimeshikana mikono yote miwili. Aliandika kwenye orodha ya vifaa: mmoja. Somo lake halikuwapo tena na kumrudisha kulihitaji vibali vingine, kwa hiyo alimweka kwenye chumba cha viti, juu ya meza ya plastiki ya maua, akafunga mlango na kurudisha ufunguo.

Jumanne, kipindi cha tano, mwanasesere alianza kulia.

Kilikuwa kilio cha kawaida, cha mtoto ambaye saa yake ya kuoga imefika. Kilipita stoo ya mifagio na vyoo, kikaingia kwenye ujia. Mwalimu wa biolojia alisikiliza kidogo, akasema huyo hana ugonjwa, ana njaa tu, akaendelea kusahihisha. Kipeo alifunga madirisha ya darasa lake. Mtoto, kwenye dawati la mbele, aliendelea kuandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, na bitana ilikuwa imelowa, kana kwamba mkono umetoka kwenye beseni. Jumanne iliyofuata kilio kilirudi saa ileile, na nyingine, na nyingine. Kikao cha walimu kilikijadili chini ya mengineyo. Ilikubaliwa kwamba mlango uwekewe sponji pembeni na kwamba, kwa uzoefu, watoto wakiachwa hunyamaza wenyewe.

Mama Sufuria aliomba ufunguo. Mkuu alimwambia kwa heshima zote kwamba chumba sasa ni stoo, na stoo haiingiwi bila sababu ya kimasomo, aandike barua. Aliandika.

Hana darasa Jumanne kipindi cha tano, kwa hiyo huenda. Huchukua beseni kwenye jiko la chai, hulibeba kwa mikono miwili kupita vyoo na stoo ya mifagio, huliweka chini mbele ya mlango, taulo begani. Hukunja mkono wa blauzi mpaka juu na kuchovya kiwiko. Husema "sawa" kwa sauti ya kutosha kusikika ndani, na huyo wa ndani hupunguza kilio, akisikiliza. Kisha yeye huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akingoja barua yake ijibiwe. Maji yakipoa, huenda kuyachemsha tena.